Kubuni mradi wa maendeleo pamoja na wadau: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Dalili ni zilezile kila mara. Warsha ya siku mbili imefanyika, kuta zimejaa kadi za rangi, picha ya pamoja imepigwa na ripoti nene imeandikwa. Kisha ukiliweka andiko la mradi la kabla ya warsha kando ya lile lililokwenda kwa mfadhili, hakuna kilichobadilika isipokuwa aya moja inayosema "wadau walishirikishwa kikamilifu".

Kosa haliko kwenye warsha. Liko wiki kadhaa nyuma, pale ambapo hakuna aliyeandika ni maamuzi gani hasa wadau wanaitwa kuyafanya. Mwongozo huu unaanzia hapo, na kila hatua inairudia karatasi moja ya maamuzi hayo. Umeandikwa kwa ajili ya afisa mradi wa shirika la kimataifa, au wa shirika mshirika, mwenye fedha zinazotarajiwa na tarehe ya kuwasilisha andiko.

Kubuni pamoja, kwa maana inayotumika hapa, ni hali ambayo mtu asiye mwajiriwa wako anaweza kubadilisha mstari wa bajeti. Kama hawezi, mnachofanya ni kukusanya maoni. Si dhambi, ila kiitwe kwa jina lake.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Muda. Kwa mradi wa ukubwa wa kati tenga wiki 10 hadi 14 kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Ukiwa na wiki tatu tu, kusanya maoni, waambie watu hivyo, na omba kwenye andiko lenyewe kipindi cha usanifu cha miezi mitatu hadi sita mara fedha zikishatoka. Wafadhili wengi hukubali ombi hilo kuliko watu wanavyodhani.

Watu. Mwezeshaji asiye na maslahi katika matokeo, waandishi wa kumbukumbu wawili (mmoja akichoka, kumbukumbu huwa za upande mmoja), wakalimani wa lugha zote zitakazozungumzwa, mhasibu au afisa ununuzi kutoka ofisini kwako, na mkubwa mmoja mwenye mamlaka ya kusema "sawa, tunabadilisha" palepale. Huyu wa mwisho ndiye husahaulika zaidi.

Fedha. Nauli, chakula, fidia ya muda, ukalimani, usaidizi kwa watu wenye ulemavu, mlezi wa watoto wakati wa vikao, vifaa vya majaribio, na safari za kurudisha majibu. Funga robo ya fungu lote la maandalizi lisiguswe mpaka warsha iishe. Bila hivyo fedha huishia kwenye ukumbi, na hatua za 7 hadi 9 hazifanyiki.

Vifaa. Bango kitita mbili, kadi za rangi tatu zenye upana wa sm 10 na urefu wa sm 20, kalamu za wino mzito, gundi ya karatasi isiyochuna rangi ya ukuta, kamba ya mita 30, utepe wa kupimia, chaki, saa ya mkononi, kokoto 10 kwa kila mshiriki na mifuko midogo ya kitambaa.

Nyaraka. Masharti ya mfadhili neno kwa neno (si muhtasari uliotumiwa na mwenzako), ramani ya eneo, na taarifa za tathmini za miradi iliyopita, hasa iliyokufa.

## Hatua ya 1: Andika orodha ya maamuzi

Chukua karatasi moja, chora safu tatu.

Safu ya kwanza: yaliyofungwa. Haya hayajadiliwi na unajua kwa nini. Safu ya pili: yaliyo wazi ndani ya mipaka. Ya tatu: yaliyo wazi kabisa.

Chukua mradi wa maji kwa watu waliohamishwa na maafa. Viwango vya chini vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, vinataka lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja lisizidi watu 250, pampu ya mkono isizidi watu 500, umbali usipite mita 500 na foleni isizidi dakika 30. Hivyo ni vya safu ya kwanza: hakuna warsha inayoweza kupiga kura watu wapewe lita 8. Mahali pa kuweka kituo ni safu ya pili, kwa sababu mwamba na mteremko navyo vina kauli yao. Lakini nani atashika ufunguo, kituo kifunguliwe saa ngapi, nani atasimamia foleni, kama kutakuwa na sehemu ya kufulia na kama wazee watapelekewa maji: hayo yote yako wazi kabisa, na ndiyo yanayoamua kama kituo kitatumika.

Kila uamuzi uandike kama swali lenye majibu zaidi ya moja. "Ushirikishwaji wa vijana" si uamuzi. "Kamati iwe na vijana wangapi, na wachaguliwe na nani?" ni uamuzi.

Halafu peleka karatasi hiyo kwa mfadhili na upate jibu kwa maandishi. Uliza mambo mawili mahususi: ni kiasi gani cha fedha kinaweza kuhamishwa kutoka mstari mmoja wa bajeti kwenda mwingine bila kuomba kibali upya, na kama viashiria (vipimo vya mafanikio ya mradi) vinaweza kubadilishwa baada ya usanifu. Maneno ya kwenye simu hayatoshi. Afisa wa mfadhili akihamishwa, ahadi yake huhama naye.

Kwa nini hatua hii kwanza: ukiwaita watu waamue jambo ambalo tayari limeamuliwa, watagundua. Wakigundua, mara nyingine watakuja kwa ajili ya posho tu.

Umefaulu kama: una maamuzi matano au zaidi katika safu ya pili na ya tatu, na angalau mawili kati yake yanagusa fedha. Ukipata chini ya matatu, usiendelee.

## Hatua ya 2: Tafuta nani hasa aitwe

Neno "jamii" limeharibu miradi mingi. Halionyeshi nani anapata na nani anakosa.

Chora jedwali lenye safu tano: mdau ni nani, anaguswa vipi na mradi, ana uwezo gani wa kuusukuma au kuukwamisha, atapoteza nini mradi ukifanikiwa, na nani anaweza kumsemea kwa haki. Safu ya nne ndiyo inayolipa. Anayeuza maji kwa madumu atapoteza wateja. Mwenye shamba karibu na chanzo atapoteza njia ya mifugo. Ofisa wa ngazi ya chini ataongezewa kazi ya matengenezo bila bajeti. Watu hawa wasipokuwepo mezani wakati wa kubuni, utakutana nao wakati wa utekelezaji, na wakati huo hawatakuja na kadi za rangi.

Usikubali orodha ya kiongozi mmoja kuwa orodha yako. Mheshimu, pokea majina yake, kisha kila utakayezungumza naye muulize: "Ni nani ana mawazo tofauti na yako kuhusu jambo hili?" Baada ya watu kumi au kumi na wawili majina yataanza kujirudia. Hapo ramani yako imekamilika vya kutosha.

Kuhusu ulemavu, usiulize "nani ana ulemavu hapa?" Wengi hawatajitaja. Tumia maswali sita ya Washington Group, kikundi cha Umoja wa Mataifa cha takwimu za ulemavu: kama mtu anapata ugumu wa kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia jambo, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na wengine kwa lugha yake ya kawaida. Kila swali lina ngazi nne za majibu, kuanzia "hakuna ugumu" hadi "siwezi kabisa". Neno ulemavu halitajwi popote, na ndiyo maana majibu huwa ya kweli.

Idadi ya ukumbini: watu 24 hadi 30, meza za watu watano au sita. Wakizidi 40 unakuwa mkutano wa hadhara, wala usijidanganye kwamba mtabuni kitu.

Onyo la ununuzi. Kampuni au shirika likisaidia kuandika vigezo vya kazi kisha likaomba zabuni ya kazi hiyohiyo, zabuni inaweza kubatilishwa kwa mgongano wa maslahi. Kabla ya kualika, kaa na afisa ununuzi mkubaliane: ama wajiondoe kwenye zabuni, ama waje kwenye vikao vya kueleza tatizo tu na wasiingie pale vigezo vinapoandikwa. Iandikeni kwenye barua ya mwaliko. Jambo hili limefuta kazi ya miezi kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa meza isiyo yake.

## Hatua ya 3: Malizeni mambo ya posho, lugha na ridhaa

Fupi, lakini usiiruke.

Asiyelipwa mshahara kwa kuwepo pale alipwe muda wake. Anayelipwa mshahara arudishiwe nauli na gharama. Kiwango kiwe kimoja, kitangazwe kwenye mwaliko, na kilingane na kile cha mashirika mengine yanayofanya kazi eneo hilo. Ukizidisha utavuta waliofuata posho, ukipunguza utawapata wenye nafasi peke yao.

Mwaliko uende angalau siku 10 kabla, pamoja na orodha ya maamuzi kutoka hatua ya 1 katika lugha ya mhusika. Kwa asiyesoma, mtumie sauti iliyorekodiwa, isiyozidi dakika nne.

Mradi ukigusa ardhi au rasilimali za watu wa asili, kinachotakiwa ni ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili, kama inavyosema Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la 2007. Ridhaa hiyo ina maana kwamba "hapana" ni jibu halali, na ratiba yako lazima iwe na nafasi ya jibu hilo.

Picha na kurekodi sauti vinaombewa ruhusa kando, na anayekataa asiulizwe sababu.

## Hatua ya 4: Sikiliza kabla ya kuita warsha

Fanya mazungumzo 20 hadi 30 katika wiki tatu: nusu ya mtu mmoja mmoja, nusu ya vikundi vya watu sita hadi wanane vilivyotenganishwa kwa jinsi, umri na aina ya kazi. Kikundi cha wanawake kiongozwe na mwanamke.

Usiulize "mnahitaji nini?" Watu wanajua shirika lako hutoa nini, nao wataomba hicho. Shirika la visima litaambiwa kisima, shirika la madarasa litaambiwa darasa. Uliza kuhusu mara ya mwisho: "Mara ya mwisho ulipokwenda kuchota maji, uliondoka saa ngapi? Ulikuwa na nani? Kulitokea nini?" Swali la "kwa kawaida" huleta jibu la adabu. Swali la mara ya mwisho huleta tukio.

Kisha nenda naye. Shika saa, andika dakika za sehemu nne: kwenda, foleni, kujaza, kurudi. Sema ukapata kwenda dakika 12, foleni 55, kujaza 6, kurudi 20. Andiko lako linaweza kuwa lilipanga kupunguza umbali, na hapa umbali ni theluthi moja tu ya adha. Tatizo ni foleni, na foleni huenda inatokana na saa za kufungua, si na uchache wa mabomba. Safari tatu za namna hii zina thamani kuliko dodoso la kurasa nane.

Umefaulu kama: umesikia angalau jambo moja linalopingana na andiko la awali, na limeandikwa.

## Hatua ya 5: Kubalianeni tatizo ni lipi

Mti wa matatizo unatosha: tatizo kwenye shina, sababu mizizini, athari matawini. Lakini angalieni shina. "Ukosefu wa kisima" si tatizo, ni suluhisho lililovaa nguo za tatizo. Ukianza na ukosefu wa kitu, jibu ni kukileta kitu hicho, na mjadala umekwisha kabla haujaanza.

Andika sentensi yenye nani, nini, lini na matokeo yake: "Wasichana wa miaka 10 hadi 15 hutumia zaidi ya saa moja na nusu kila asubuhi kuchota maji, hivyo hufika shuleni kipindi cha pili." Irudishe sentensi hiyo kwa kila kikundi peke yake, waisahihishe. Tegemea mabadiliko ya maneno mara tatu au nne. Vikundi viwili visipokubaliana, bakisha sentensi mbili. Usizichanganye ukapata uji usiomridhisha yeyote.

## Hatua ya 6: Endesha warsha ya kuamua

Siku mbili, si zaidi. Siku ya kwanza ni ya kuibua njia, ya pili ni ya kuchagua.

Kufungua. Kiongozi mkubwa afungue kwa dakika 10, kisha akae meza ya viongozi wenzake, au aondoke kwa heshima zote na arudi kufunga. Mpangie hivyo wiki moja kabla, ana kwa ana. Ukimwambia asubuhi ile, umemdhalilisha. Baada yake mwezeshaji abandike orodha ya maamuzi ukutani na aisome yote, hata yaliyofungwa. Yaliyofungwa yasemwe wazi na sababu zake.

Kuibua njia. Kila mtu kwanza aandike au achore peke yake kwa dakika saba, kimya. Asiyeandika apate mtu wa kumwandikia ambaye si bosi wake. Ndipo meza zijadili, na anayeanza kusema awe mdogo kwa umri au cheo. Akianza mkubwa, wengine wataunga mkono hoja.

Kila meza itoe njia tatu au zaidi, na mojawapo iwe "tusijenge chochote, tubadilishe utaratibu". Inaonekana kama mzaha, lakini ndiyo mara nyingi huibua saa za kufungua, ratiba ya zamu au matengenezo ya kilichopo.

Gharama. Hapa mhasibu ndipo anapoingia. Jioni ya siku ya kwanza anakadiria kila njia kwa mafungu matatu: kuanzisha, kuendesha kwa mwaka, na nani atalipa uendeshaji mradi ukiisha. Asubuhi ya pili makadirio yanabandikwa kando ya kila njia. Watu wazima wakipewa bei hufanya maamuzi ya watu wazima. Wakifichwa bei hutaja ndoto, nawe utawalaumu kwa kuota.

Kuchagua. Kila mshiriki anapewa kokoto 10. Mifuko ya kitambaa imepangwa nyuma ya pazia au kwenye chumba cha pili, kila mfuko na picha ya njia yake. Anaingia mmoja mmoja, anagawa kokoto apendavyo. Ili uweze kutenganisha matokeo, kila kundi lipewe kokoto za rangi yake. Kama huna rangi, ziandike alama kwa kalamu.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi huharibu. Tuseme watu ni 30, kokoto ni 300. Njia A (kisima kipya) imepata 140, njia B (kuongeza saa na msimamizi wa foleni) 90, njia C (matangi ya mvua) 70. A imeshinda? Zitenganishe kwa rangi. Wanawake 12, ambao ndio wachotaji, walikuwa na kokoto 120: A ilipata 20 tu, B 75, C 25. Wale 18 waliobaki, wenye kokoto 180, waliipa A 120, B 15, C 45. Kisima kilichaguliwa na wasiochota maji. Jumla peke yake ingelificha hilo, na ripoti ingesema "wadau walichagua kisima".

Usitangaze mshindi. Bandika jedwali lenye rangi, waulize wale wa kundi la A kwa nini, wale wa B kwa nini, kisha amueni uzito wa nani unakwenda mbele katika uamuzi huu. Mara nyingi kundi la A hubadilika lenyewe likisikia sababu. Lisipobadilika, kanuni iwe imeandikwa tangu hatua ya 1: wanaotumia huduma kila siku ndio wenye kauli ya mwisho katika maamuzi ya safu ya tatu.

Onyo. Kunyanyua mikono ni marufuku. Mkono ulionyanyuliwa mbele ya mwenye nyumba, mwajiri au mkwe ni mkono wa huyo anayetazama.

Umefaulu kama: mkubwa wa shirika lako, akiwa palepale, amesema hadharani ni jambo gani linabadilika kwenye mpango, na limeandikwa.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kujenga

Wiki mbili, fedha kidogo, watumiaji watano hadi wanane. Lengo ni kuvunja wazo likiwa bado ni la karatasi.

Kwa kitu cha kujengwa, chora ukubwa halisi ardhini kwa kamba na chaki, mahali penyewe. Waombe watumiaji waje na madumu yao na waigize asubuhi nzima: kuingia, kusubiri, kujaza, kunyanyua, kutoka. Mtu wa kiti cha magurudumu apite. Njia ya kupandia yenye mteremko wa 1 kwa 12 ina maana kila sm 1 ya kimo inadai sm 12 za urefu, kwa hiyo sakafu iliyoinuka sm 50 inahitaji mita 6 za njia. Kwenye mchoro watu hutikisa kichwa tu. Wakiiona kamba imefika barabarani ndipo husema "basi sakafu ishuke".

Kwa huduma au utaratibu, chapisha fomu bandia, weka meza mbili, igizeni. Hesabu dakika na maswali ambayo mtu hakuyaelewa.

Kabla ya kuanza andika kipi kitakufanya ubadilishe wazo, kwa mfano: "Wawili kati ya wanane wakishindwa kufikia bomba, kimo kinabadilika." Usipoandika mapema, utatetea ulichokipenda.

Mfano wa kukosa hatua hii uko hadharani. PlayPump, pampu iliyovuta maji watoto wakizungusha bembea ya duara, ilitangazwa kwa kishindo 2006 na ikasambazwa katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Mahali pengi watoto walipochoka au walipokuwa darasani, wanawake ndio waliobaki wakisukuma gurudumu lile kwa mikono, na ikiharibika fundi wa karibu hakuwa na vipuri. Nusu siku ya kumtazama mwanamke mmoja akijaza dumu kwa pampu hiyo ingetosha kuuliza maswali hayo.

## Hatua ya 8: Hamishia maamuzi kwenye andiko

Fungua daftari la maamuzi lenye safu sita: namba, uamuzi, kundi lililoupendekeza, sababu, mstari wa bajeti, ukurasa wa andiko. Uamuzi usio na namba ya mstari wa bajeti wala ukurasa bado haujaingia kwenye mradi, hata kama ulipigiwa makofi.

Yaliyokataliwa yawekwe humohumo na sababu zake.

Katika logifremu (jedwali la malengo ya mradi na viashiria vyake), acha angalau kiashiria kimoja kilichotajwa na watumiaji kwa maneno yao. "Binti anafika kipindi cha kwanza" hupimika vizuri tu kwa rejesta ya darasa.

Weka pia kifungu cha mapitio kila baada ya miezi sita, pamoja na fungu dogo la fedha lisilopangiwa kazi ambalo kamati ya pamoja inaweza kuliamulia. Na bajeti nzima waonyesheni washirika, pamoja na gharama za ofisi zenu. Shirika mshirika linalobeba kazi lipate sehemu yake ya gharama za uendeshaji. Likinyimwa, litaziba pengo hilo kwa kukata kwenye kazi yenyewe.

## Hatua ya 9: Rudisha majibu kabla ya kuwasilisha

Si baada. Ndani ya siku 14 tangu warsha, pelekeni kurasa mbili katika lugha za wahusika, zenye vichwa vitatu: mlichosema, tulichofanya, tusichofanya na kwa nini. Isomwe kwa sauti, kikundi kimoja kimoja. Toeni siku tano za kupinga, na andikeni pingamizi kwenye daftari.

Umefaulu kama: mtu ambaye si mwajiriwa wako anaweza kuonyesha kwa kidole, kwenye kurasa hizo, kitu alichokibadilisha.

## Mambo yakikwama

Kikundi kimoja kimenyamaza siku nzima. Usiwaite kwa majina mbele ya watu. Gawa meza upya wakati wa chai, wawe pamoja, wape mwandishi wao.

Kiongozi amekuja na uamuzi wake tayari. Uandike kama njia mojawapo, ukadiriwe gharama, uingie kwenye mifuko kama zingine.

Wataalamu wanasema "hawa hawaelewi kitaalamu". Rudi kwenye safu tatu. Unene wa bomba ni wao. Saa za kufungua si zao.

Washiriki wamechoka kuulizwa. Soma taarifa za zamani, anza kikao kwa kusema "tayari mlishasema haya, tusahihisheni", na fupisha hatua ya 4 kwa nusu.

Mfadhili amekata theluthi ya bajeti baada ya kila kitu. Kishawishi ni kukata ofisini usiku mmoja. Chukua daftari la maamuzi, kadiria upya kila mstari, waite wawakilishi wawili wa kila meza kwa nusu siku, na mrudie kokoto. Safari hii kila mmoja apewe saba badala ya kumi, na mambo mliyoyafunga hatua ya 1 yabaki yamefungwa.